Kutoonekana Uwanjani kwa Timu ya Koikoi

Vuai Kitwana alikuwa amefika nusu ya mstari wa pembeni, upande wa kusini, aliposimama kunyoosha mgongo. Mkononi alishika kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu saba kitakoni, na ndani ya kopo mlikuwa na chokaa. Nyuma yake mstari mweupe ulikuwa umenyooka juu ya mchanga mbichi. Mbele yake kulikuwa na kamba tu, imefungwa kwenye vijiti viwili. Aliyatazama maji. Yalikuwa mbali bado, ukanda mwembamba nje ya mwamba, lakini Vuai hakuwa mtu wa kuyaamini maji eti kwa kuwa yako mbali.

"Baba, chokaa imebaki ndoo moja," alisema Mize, mkwe wake, akiitua ndoo chini. Mize ndiye aliyechoma makombe ya pwani kuipata chokaa hiyo, akayaponda na kuyachekecha. "Na huyo mkaguzi wa uwanja anafika saa tano."

"Itatosha."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo, ukaishia golini."

"Wiki iliyopita kulikuwa na upepo."

"Upepo gani, Baba? Unachora mstari wa watu kumi na mmoja peke yako."

Vuai aliinama, akatikisa kopo, mstari ukaendelea.

Inafaa kueleza kwa nini mzee wa miaka sitini na mbili achore uwanja wa mpira baharini. Katika nchi hiyo, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa kuwa wenyewe wanalijua, kuna kisiwa kinachoitwa Koikoi. Kisiwa hicho ni miamba mitupu, na hakina kipande cha ardhi tambarare kinachozidi upana wa msikiti. Lakini maji yakipwa, upande wa magharibi hutokea mchanga mpana, mgumu, uliolala sawasawa. Wazee waliouona wakajua Mungu aliukusudia mpira. Walianzisha klabu mwaka ule ambao serikali iliahidi gati kwa mara ya kwanza, na tangu hapo, kila mechi, uwanja huchorwa upya, kwa sababu kila siku bahari huufuta.

Ilikuwa desturi kwamba kila mchezaji huchora kipande chake mwenyewe. Mtu akisajiliwa Koikoi hakupewa jezi kwanza, alipewa kipande. Kulikuwa na mstari wa goli wa Kombo, kipa. Kulikuwa na kipande cha Mcha, nahodha, kinachoanzia katikati ya kiwanja. Na kulikuwa na kona ya kushoto, ya winga namba kumi na moja, Shaame, mtoto wa Vuai na mume wa Mize. Shaame alikuwa na haraka zake, na kona yake siku zote ilipinda. Marefa walilalamika. Wachezaji wa timu ngeni walipiga kona zao pale, mpira ukaenda kombo, wakasema kisiwa kina uchawi.

Sasa Vuai alivichora vipande vyote kumi na kimoja yeye mwenyewe, kwa utaratibu, akianzia golini na kumalizia kona ya kushoto. Mara nyingi hakuifikia.

*

Serikali ya nchi hiyo iliipenda sana michezo, na ilikuwa na Wizara ya Michezo na Mpangilio wa Furaha. Wizara ilipotambua kwamba kila kijiji kinaanza mpira kwa wakati wake, iliona uchungu, ikaamuru kwamba mechi zote nchini zianze saa kumi kamili alasiri, ili Mheshimiwa Waziri, popote alipo, akitazama saa yake ajue wananchi wanafurahi.

Koikoi waliandika barua ya heshima kueleza kwamba saa kumi kamili, siku nyingi za mwezi, uwanja wao huwa chini ya maji. Vuai, aliyekuwa katibu, ndiye aliyeiandika. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, mengine alijifundisha kwa kusoma majarida yaliyofungiwa samaki, na barua ile aliirudia mara tatu mpaka ikakosa hata nukta ya kulaumiwa.

Jibu lilikuwa kwamba wizara imeipokea hoja na itawasiliana na bahari kupitia ngazi zinazohusika.

Mwaka uliofuata alitumwa mkaguzi. Alifika saa kumi kamili, kama kanuni inavyotaka, akasimama juu ya mwamba akitazama maji, na nguzo za magoli zikichungulia juu ya mawimbi. Aliandika: "Uwanja haukuonekana. Inashukiwa umehamishwa." Baada ya mwezi kituo cha polisi cha ng'ambo kilibandika tangazo la kutafuta uwanja uliopotea, urefu mita mia moja, rangi ya mchanga, na aliyeuona aliombwa asiuguse.

Hata hivyo Koikoi hawakukata tamaa. Waliomba kucheza mechi zote ugenini, wakakubaliwa. Na hapo ndipo ilipokuja mechi na timu ya Idara ya Vipimo na Mizani.

*

Juma lile upepo wa kusi ulikuwa mkali, na mawimbi ya mkondoni yalionekana kutoka vilimani kama kondoo. Vuai alipiga simu kuomba mechi isogezwe siku mbili. Akajibiwa na sauti nzuri ya mwanamke kwamba upepo haumo katika orodha ya sababu. Aliuliza katika orodha mna nini. Mna ziara ya Waziri, alijibiwa, na ugonjwa wa Waziri.

Timu ilikusanyika ofisi ya sheha. Mcha, nahodha, alimtazama katibu.

"Tunafanyaje, Ami?"

Naye Vuai, ambaye kanuni zote alikuwa anazijua kwa namba, alisema: "Kifungu cha tisa. Tusipokwenda tunafutwa."

"Basi tunakwenda."

Shaame alipita mlangoni akiwa amening'iniza viatu shingoni. "Baba, nikirudi nitainyoosha ile kona. Usiiguse."

Boti ya mashine iliondoka saa mbili asubuhi na watu kumi na mmoja. Nahodha wa boti alikuwa Mcha mwenyewe.

Huko ng'ambo mwamuzi alisubiri dakika kumi na tano kwa mujibu wa kanuni, akitazama saa yake na si bahari, kwa kuwa bahari haikuwa miongoni mwa vifaa vyake. Kisha akapuliza filimbi. Ili vitabu vikae sawa, kanuni ilitaka mabao matatu yaingie kweli wavuni, basi mshambuliaji wa Mizani akaambiwa afunge. La kwanza alifunga akanyanyua mikono. La pili hakunyanyua. La tatu aliusukuma mpira polepole kwa ubavu wa mguu, akakaa chini kwenye nyasi, akatazama lango tupu.

Bahari ilirudisha mpira mmoja na jezi moja ambayo namba yake haikusomeka.

Wizara ya Misiba na Faraja ilileta rambirambi ndani ya siku tatu, kwenye karatasi nene yenye maua. Bahasha hiyohiyo, kwa kubana matumizi, ilikuwa na barua ya Shirikisho la Kandanda. Ilisema kwamba wachezaji kumi na mmoja wa Koikoi, waliotajwa kwa majina, wamefungiwa miaka miwili kwa kosa la kutoonekana uwanjani. Mheshimiwa Waziri alilizungumzia redioni kwa masikitiko.

"Mchezaji mmoja akikosekana," alisema, "ni bahati mbaya. Wawili ni uzembe. Lakini kumi na mmoja, ndugu wananchi, kwa saa ileile, kwa dakika ileile? Huo ni mgomo. Na serikali haitatishwa na mgomo wa kimyakimya."

Watu wa Koikoi waliisikiliza redio hiyo matangani.

Miaka miwili ikapita, kwani hata adhabu hupita. Siku ya kwanza ya mwaka wa tatu ikafika barua nyingine. Shirikisho lilifurahi kuwajulisha wachezaji kumi na mmoja kwamba adhabu yao imekwisha, na wanaruhusiwa kurudi uwanjani. Liliwatakia msimu mwema, na likawasihi wawe wamejifunza.

Mize aliisoma mlangoni, akarudi ndani, akaipangusa meza. Aliipangusa kwa muda mrefu sana.

*

Bwana Nestori Magesa, Mkaguzi Msaidizi wa Viwanja Vinavyobishaniwa, alifika saa tano na robo, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, faili kifuani. Alikuwa ameanza safari akiwa na hotuba, na hotuba ikishaandikwa mtu hawezi kurudi nayo nyumbani. Kwa hiyo alisimama kwenye duara la kati, akakohoa.

"Kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri," alisema, "na kwa niaba ya Shirikisho, na kwa niaba yangu mwenyewe, napenda kuutambua umati huu."

Umati ulikuwa Vuai, Mize, na kaa wawili. Vijana wa timu mpya walikuwa wameketi mwambani, hatua hamsini hivi, wamevaa fulana za rangi tofauti.

"Tukae au tusimame, bwana?" Mize aliuliza.

"Simameni tu, ni fupi."

Haikuwa fupi. Ilipita kwenye amani, ikapita kwenye utulivu, ikagusa gati. Alipomaliza alijipangusa jasho, akafungua faili, na sauti yake ikabadilika ikawa ya mtu wa kawaida mwenye njaa.

"Mzee wangu, habari ndiyo hii. Koikoi mna nafasi kumi na moja kwenye daftari, na zote zimejaa. Vijana wako hawawezi kuingia mpaka waliomo watoke."

"Waliomo wamekufa," alisema Vuai.

"Nimesikia. Na pole sana. Una vyeti?"

"Wizara ya Misiba inataka marehemu afike mwenyewe au aletwe."

"Ndiyo sheria yao," alisema Bwana Nestori, akitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesikia uzuri wa timu pinzani. "Sasa sisi tuna hii." Alitoa karatasi. Juu iliandikwa HISTORIA YA KLABU, na chini yake palikuwa na majina kumi na moja, na mbele ya kila jina visanduku vitatu: Utoro. Uhamisho. Uvivu. Kulikuwa na cha nne, Mengineyo, lakini kwenye mabano palisomeka: yasiyohusu wizara nyingine.

"Kifo ni cha wizara nyingine," alieleza. "Uhamisho unataka saini ya klabu waliyohamia. Uvivu unataka cheti cha daktari. Utoro ndio hauna masharti. Weka alama za vema kumi na moja hapa, niifikishe ofisini kesho kabla ya saa sita mchana, vijana wana leseni. Isipojazwa, Koikoi inafutwa. Si mimi ninayefuta, Mzee wangu. Daftari linajifuta."

"Na hiyo itakaa wapi?"

"Makavazi ya taifa. Hiyo ndiyo itakuwa historia yenu."

Mize alisogea karibu, akaisoma karatasi mpaka mwisho.

"Mume wangu hakutoroka," alisema. "Hata siku niliyomtupia sufuria hakwenda mbali kuliko barazani. Akakaa pale anapiga mluzi mpaka nikamfungulia. Andika hilo kwenye sanduku lako."

"Dada yangu, nafasi ni ndogo."

"Nimeona kwamba ni ndogo."

Ussi alikuwa ameshuka mwambani. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, nahodha wa timu ambayo haijawahi kucheza, na mdogo wake Mcha.

"Ami, weka," alisema.

Vuai aligeuka.

"Weka, Ami. Hata mimi, ndugu yangu yumo humo. Lakini Mcha angeiweka mwenyewe, unamjua. Angecheka, akaiweka, tukaenda kucheza. Wenzangu wamepanga mwezi huu kwenda ng'ambo kutafuta vibarua. Tusiposajiliwa hakuna wa kumzuia hata mmoja. Utabaki unachora uwanja wa kaa."

Maneno hayo yalimwingia Vuai, kwa kuwa yalikuwa na hesabu ndani yake, naye aliheshimu hesabu. Kifungu cha tisa, alikuwa amesema siku ile. Hakuna aliyemkumbusha tangu hapo. Watu wa Koikoi ni wapole kwa namna hiyo, na upole wao ulikuwa umemkalia kifuani miaka miwili na nusu.

"Mimi niliwahi kuwaamulia hao mara moja," alisema hatimaye. "Chukua kalamu, Ussi. Ukiweza wewe, nitasaini."

Ussi aliichukua. Aliiweka faili gotini, akainama juu ya jina la kwanza, na wote wakaona midomo yake ikisoma. Kombo Faki. Namba moja. Kipa.

Kalamu ilisimama juu ya sanduku.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea," alisema.

Kamba ya uwanja ililia kwa upepo.

"Basi mruke," alisema Bwana Nestori kwa nia njema kabisa. "Anza na wa pili."

Ussi alisoma wa pili, na wa tatu, na wa nne. Alipofika wa tano, Mcha, aliifunga faili na kuirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Tufutwe," alisema. Kisha hasira iliyokuwa inatafuta pa kwenda ikampata Vuai. "Lakini na wewe, Ami, umetufungia! Msimu wa tatu huu tunakuomba kopo. Kila siku tunakaa pale juu kama ndege. Unasema vipande vina wenyewe. Shirikisho linasema nafasi zina wenyewe. Tofauti yenu nini?"

"Ussi!" Mize alisema.

"Mwache," alisema Vuai.

Alilitazama kopo. Alikuwa amelitoboa mwenyewe, wiki ya pili baada ya matanga, ili chokaa itoke sawasawa asikose hata kipande kimoja. Alikuwa amedhani ni ulinzi.

Alimnyooshea Ussi.

"Cha Mcha kinaanzia kijiti kile," alisema. "Yeye alichora akirudi kinyumenyume. Sijui kwa nini. Usiniulize."

*

Vijana walishuka wote. Kopo lilikuwa moja, wengine wakatumia vifuu na mikono, na chokaa ikaenda upesi kuliko siku zote. Mize alikuwa akigawa kwa kikombe, akiwatukana waliomwaga. "We! Unapanda mpunga au unachora?" Kila aliyefika kwenye kipande alisimama kidogo, Vuai akamwambia kilikuwa cha nani. Walichora vibaya. Mstari wa goli ulikuwa na mimba katikati. Vuai aliuona, akafungua kinywa, akafunga.

Bwana Nestori alikuwa na tepu ya kupimia lakini hakuwa na msaidizi, kwa kuwa nafasi ya msaidizi wa msaidizi ilikuwa imejaa mtu asiyeonekana kazini. Alishika ncha moja mwenyewe, Ussi akakimbia na nyingine. Mita mia moja na sentimita nane. Aliandika upana. Kisha akafungua ile ripoti ya zamani, pale palipoandikwa kwamba uwanja haukuonekana, akaweka chini yake, kwa penseli: "Umeonekana."

Maji yalianza kuingia saa saba kasorobo, bila kelele, yakipita kwanza kwenye nyayo. Boti iliyomleta mkaguzi ilianza kuinuka na kupiga honi. Mistari mitatu ilikuwa imekamilika. Wa nne ulikuwa umebakisha hatua sita za mwisho, kwenye kona ya kushoto. Chokaa ya ndoo ilikuwa imebaki konzi moja.

Bwana Nestori alisimama na faili yake, maji yakimfika vifundoni. Kanuni alikuwa anazijua naye, mtu yule, na sasa alionekana akizipitia moja moja.

"Uwanja ni mistari minne," alisema polepole. "Huu hauna minne. Siwezi kusema nimemaliza kuukagua."

"Hatua sita tu," alisema Ussi. "Chokaa ipo. Ami, tumalizie!"

"Ukaguzi ukimalizika," Bwana Nestori aliendelea, akiiambia bahari, "daftari linafunguliwa, na visanduku visipokuwa na vema, jina linafutwa. Lakini ukaguzi ukiwa unaendelea, daftari haliguswi. Hilo ni kifungu cha kumi na nne."

Vuai alikijua kifungu cha kumi na nne. Hakuwahi kukiona kikisomwa upande huo.

"Na sisi tutacheza lini?" aliuliza Ussi.

"Ukaguzi ukiisha."

"Utaisha lini?"

Mkaguzi aliitazama kona, na Vuai akaitazama kona, na Mize, aliyekuwa ameshika ile konzi ya mwisho ya chokaa, akawatazama wote wawili mpaka akaelewa. Alikifumba kiganja.

"Baba," alisema. "Shaame alisema usiiguse."

"Alisema."

Boti ilipiga honi tena. Bwana Nestori aliviinua viatu vyake juu ya maji.

"Kesho maji yanatoka saa ngapi, Mzee wangu?"

"Saa nne kasoro dakika kumi."

Aliiandika, ingawa kwenye fomu palichapwa saa kumi kamili. Kisha akaenda zake, akiinua magoti juu kama mtu asiyezoea, na watu wa Koikoi walimwangalia bila kujua wamshukuru kwa lipi.

Vijana walipanda. Mmoja alikuwa bado anazungumza habari za vibarua ng'ambo, na Ussi hakumkatiza. Maji yalichukua duara la kati, kisha kipande cha Mcha, kisha mstari wa Kombo wenye mimba. Vuai aliikunja kamba kiwikoni, mzunguko kwa mzunguko, kama ilivyokuwa kawaida yake, mpaka akafika kwenye vijiti viwili vya kona ya kushoto. Siku zote huving'oa. Leo aliviacha vimesimama, kamba katikati yao imekazwa, na mchanga chini yake haujaguswa.

Mize alikuwa amesimama kandoni mwake, kiganja bado kimefumba.

"Irudishe ndooni," Vuai alisema. "Kesho tutaanza tena."